Rangi za bango kwa mwanafunzi wa grafiki: pima mwanga kwanza, jina la rangi lifuate

Makosa matatu hurudi kila muhula kwenye kazi za wanafunzi. La kwanza ni maandishi ya njano juu ya nyeupe, ambayo mpita njia hawezi kuyasoma. La pili ni maandishi mekundu juu ya bluu, yanayotetemeka machoni kana kwamba yana homa. La tatu ni bluu iliyong'aa kwenye skrini, kisha ikatoka zambarau kwa mchapaji.

Mawili ya kwanza yana mzizi mmoja: mwanafunzi amechagua rangi kwa majina yake kabla ya kupima mwanga wake. La tatu linatokana na kusahau kwamba skrini huunda rangi kwa taa, na karatasi huiunda kwa wino.

Mwongozo huu unafuata kazi moja tangu mwanzo hadi mchapaji: bango la A3, yaani milimita 297 kwa 420, la kibanda kinachouza juisi ya embe na ukwaju. Ukiweza, litengeneze ukiwa unasoma.

## Vitu vya kuandaa

- Kompyuta yenye programu ya kuchora. Inkscape, GIMP na Krita hazilipiwi. Scribus nayo ni ya bure na inashughulikia rangi za uchapaji. Kama una Illustrator, Photoshop au CorelDRAW, tumia hiyohiyo.
- Simu yenye kamera.
- Karatasi nyeupe nzito kidogo, penseli na rula.
- Rangi ya maji au ya bango, nyeusi na nyeupe tu. Kichupa kimoja cha kila moja kinatosha.
- Brashi, kikopo cha maji na kitambaa cha kufutia.
- Fedha ya kuchapa karatasi mbili za A4 kwa majaribio. Usiikwepe gharama hii, kwani kuchapa upya mabango 50 kutakugharimu zaidi.

## Sifa tatu za kila rangi

Kila rangi ina jina, mwanga na ukolezi. Jina ni nyekundu, kijani, bluu na kadhalika. Mwanga ni jinsi rangi ilivyo karibu na nyeupe au karibu na nyeusi. Ukolezi ni jinsi ilivyokolea au kupauka: kitenge kipya kimekolea, kilichofuliwa mwaka mzima kimepauka, ingawa jina la rangi yake halijabadilika.

Kwenye programu nyingi sifa hizi zimepangwa kwa herufi H, S na B. H ni jina, kuanzia 0 hadi 360. S ni ukolezi, 0 hadi 100. B inadaiwa kuwa mwanga, 0 hadi 100, na hapo ndipo wengi wanapoteleza.

Weka njano kamili, yaani taa nyekundu 255, ya kijani 255, ya bluu 0, ambapo 255 ndiyo kiwango cha juu. Kando yake weka bluu kamili: 0, 0, 255. Soma B ya kila moja. Zote ni 100. Lakini jicho lako linaona njano ikiwa karibu na nyeupe na bluu ikiwa karibu na nyeusi. Programu haikudanganyi, inapima ukali wa taa iliyo kali zaidi kati ya tatu, haipimi kile jicho linachopokea.

Jicho halizipokei taa hizo tatu kwa usawa. Katika kanuni inayotumika kukokotoa mwanga wa skrini, taa ya kijani inabeba takriban asilimia 72, nyekundu 21 na bluu 7 tu. Njano ya skrini ni nyekundu na kijani zikiwaka pamoja, kwa hiyo inafikia karibu asilimia 93 ya mwanga wa nyeupe. Ndiyo maana njano juu ya nyeupe hupotea hata ikikolezwa vipi. Ukilishika hili vizuri, nusu ya matatizo yako yameisha.

## Hatua ya 1: Andaa skrini

Zima hali ya usiku inayotia skrini umanjano, pamoja na mpangilio wowote unaobadilisha rangi kwa kufuata mwanga wa chumba. Weka ung'aavu wa skrini katikati. Usikae jua likiwa linaipiga skrini, wala usifanye kazi gizani kabisa. Gizani kila rangi huonekana kali kuliko ilivyo, nawe utajikuta unaipausha bila sababu.

## Hatua ya 2: Chora ngazi ya kijivu kwa mkono

Hatua hii wanafunzi wengi huiruka kwa kuona ni ya watoto. Usiiruke. Jicho hujifunza kupima mwanga kupitia mkono unaochanganya.

Chora miraba mitano ya sentimita 4, ikifuatana. Mraba wa 1 upake nyeupe, wa 5 nyeusi. Mitatu ya katikati ijaze kijivu ili mruko kutoka mraba hadi mraba uonekane sawa.

Daima tia nyeusi ndani ya nyeupe, kidogo kidogo kwa ncha ya brashi. Ukifanya kinyume, nyeusi itaimeza nyeupe na utamaliza kichupa kizima kabla hujapata kijivu chepesi. Subiri ikauke ndipo uhukumu, kwa sababu rangi nyingi za maji hubadilika kidogo zikikauka.

Kosa la kawaida ni miraba ya 2 na 3 kufanana huku wa 4 ukiwa karibu na nyeusi. Finya macho hadi kingo zififie. Mahali ambapo miraba miwili inaungana na kuwa mmoja, pana upungufu. Paka upya mraba mmojawapo. Ngazi ikiwa sawa, ukifinya macho bado utahesabu vipande vitano.

Ibandike pembeni ya skrini. Utaihitaji hadi mwisho.

## Hatua ya 3: Tengeneza bango lote kwa kijivu

Panga bango bila rangi: usuli (yaani eneo la nyuma ya vyote), picha ya glasi, jina la kibanda, bei, na mstari wa mahali kilipo. Tumia vijivu vitano vya ngazi yako tu.

Sharti ni hili: maandishi na usuli wake viachane kwa ngazi tatu au zaidi. Maandishi ya ngazi ya 5 yakae juu ya 1 au 2. Ya ngazi ya 1 yakae juu ya 4 au 5. Picha na mapambo yanaweza kusogeleana zaidi, maana hakuna anayeyasoma.

Punguza bango kwenye skrini hadi lilingane na stempu ya posta. Kama bado unaona kitu kipi ni cha kwanza na kipi ni cha pili, mpangilio umesimama. Kama kila kitu kimekuwa uji wa kijivu, rangi haitakuokoa. Rudi nyuma sasa, kungali mapema.

Kuna faida nyingine ya wazi: mabango mengi hupigwa fotokopi nyeusi na nyeupe na kubandikwa. Bango lililosimama kwa kijivu husomeka hata hapo.

## Hatua ya 4: Chagua rangi kuu kutoka kwenye kitu chenyewe

Usifungue duara la rangi bado. Weka mezani embe bivu lililokatwa na glasi ya juisi ya ukwaju, au picha zake. Embe lina njano inayoelekea chungwa karibu na ganda. Ukwaju una wekundu mzito ulioungua, ile rangi tunayoiita damu ya mzee.

Kutokana na hivyo viwili, bango letu linachukua rangi hizi (namba yenye # ndiyo unayoiandika kwenye kisanduku cha rangi cha programu):

- Damu ya mzee: #5A1220
- Njano ya embe: #F9B81B

Moja ni nzito, nyingine ni nyepesi. Kwenye ngazi ya kijivu, damu ya mzee inaangukia karibu na 5, na embe karibu na 2. Jozi ya namna hii inafaa kuanzia kazi, kwani tayari imeachana kwa mwanga. Ungeanza na nyekundu kali na kijani cha jani ungekuwa na majina yaliyo mbali na mianga iliyo karibu, na kazi ingekuwa ngumu tangu mwanzo.

## Hatua ya 5: Tafuta rangi za kusindikiza

Sasa fungua duara, lakini ujue kwamba yapo maduara mawili na yanapingana. Duara la mchoraji wa brashi lina nyekundu, njano na bluu kama rangi mama, na humo kinyume cha nyekundu ni kijani. Duara la skrini lina nyekundu, kijani na bluu, na humo ukiongeza 180 kwenye H ya nyekundu unapata sayani, ile bluu ya maji. Mwalimu akisema "weka rangi pinzani" na programu ikakupa kitu tofauti na chake, hakuna aliyekosea. Ulizeni tu ni duara lipi.

Kwa bango la chakula, duara la mchoraji mara nyingi huleta jozi zinazofanana zaidi na mimea na matunda. Kinyume cha wekundu wa ukwaju ni kijani, na embe lina majani. Tunachukua kijani cha jani la mwembe: #1F7A4D.

Inabaki rangi ya usuli. Nyeupe kavu ingeifanya njano ya embe ionekane chafu, kwa sababu kila rangi husukumwa na jirani yake: kijivu kilekile huonekana chepesi juu ya nyeusi na kizito juu ya nyeupe. Rangi ya maziwa yenye umanjano mdogo huipokea embe vizuri zaidi: #FFF6E3.

Ziwe nne, basi. Mwanafunzi akiongeza ya tano, kwa kawaida anajaribu kufunika mpangilio dhaifu. Akihitaji tofauti zaidi, achukue mojawapo ya nne aitie weupe au aizamishe.

## Hatua ya 6: Pima kila jozi

Hapa macho hayatoshi. Kuna kipimo cha uwiano wa mwanga kinachoanzia 1 kwa 1, yaani hakuna tofauti, hadi 21 kwa 1, yaani nyeusi juu ya nyeupe. Vikokotozi vyake ni vya bure mtandaoni. Unaingiza namba mbili za rangi, unapata jibu. Mwongozo wa kimataifa wa tovuti, WCAG, unataka angalau 4.5 kwa 1 kwa maandishi ya kawaida, na 3 kwa 1 kwa maandishi makubwa, yaani pointi 18 au zaidi, au 14 yenye herufi nene. Umeandikwa kwa ajili ya skrini, lakini kwa bango pia ni kipimo kizuri cha kuanzia.

Rangi zetu nne zinatoa haya:

- Damu ya mzee juu ya maziwa: zaidi ya 12. Inafaa kwa maandishi yote.
- Damu ya mzee juu ya embe: zaidi ya 7. Inafaa kwa maandishi yote.
- Kijani juu ya maziwa: karibu 4.9. Inapita, ila usiitumie kwa herufi nyembamba.
- Kijani juu ya embe: karibu 3. Ni kwa maneno makubwa tu, na bora uache.
- Kijani juu ya damu ya mzee: karibu 2.6. Haifai kwa maandishi.
- Embe juu ya maziwa: karibu 1.6. Kamwe isiwe maandishi.

Tazama jozi ya mwisho. Kwenye skrini inavutia sana, na ndiyo ambayo wanafunzi wengi wangeichagua kuandikia bei. Bei ikiandikwa hivyo, mteja haioni.

Unapotaka kuligeuza bango zima kuwa kijivu ili ulikague, chagua njia kwa uangalifu. Katika Photoshop, amri ya kufuta ukolezi kwa mkupuo huigeuza njano kamili na bluu kamili kuwa kijivu kimoja, kitu ambacho jicho halikioni kamwe. Badilisha nakala ya faili iwe ya kijivu kabisa. Katika GIMP, unapoondoa rangi, chagua njia ya *Luminance*. Njia nyepesi kuliko zote ni kuipiga skrini picha kwa simu, kisha kuipa picha hiyo kichujio cha nyeusi na nyeupe. Si kipimo kamili, lakini hukuonyesha upesi mahali palipomezwa.

Jambo moja la kuzingatia: wapo watu, wengi wao wanaume, ambao nyekundu na kijani kwao hukaribiana sana. Usiandike "iliyopo" kwa kijani na "iliyoisha" kwa nyekundu bila alama nyingine. Weka neno au umbo.

## Hatua ya 7: Gawa eneo

Rangi nne zikipewa nafasi sawa hugombana. Anza na mgao wa 60, 30 na 10: maziwa asilimia 60 ya eneo, embe 30, damu ya mzee 10 kwa maandishi. Kijani kipewe kipande kidogo sana, mathalani jani moja na alama ya bei, kikikatwa kwenye ile 10. Hakuna haja ya kupima kwa rula.

Ukitaka kuona mgao mzuri kwa karibu, tandaza kanga. Pindo linazunguka, mji uko katikati, jina limewekwa mahali pake ambapo macho yatalikuta. Angalia kisutu: nyekundu, nyeusi na nyeupe tu. Rangi ni chache, lakini kila moja ina kazi na ina eneo lake, na nyeupe inaachwa ipumue katikati ya zile nzito mbili. Hesabu rangi za kanga tatu tofauti kabla hujaongeza rangi kwenye bango lako.

## Hatua ya 8: Tibu mipaka inayotetemeka

Rangi mbili zilizokolea, zenye majina ya mbali lakini mianga inayokaribiana, zikigusana hutetemeka kwenye mpaka. Nyekundu kamili juu ya bluu kamili ina uwiano wa takriban 2 tu. Jicho halipati ukingo wa kushika.

Dawa ni tatu. Pausha moja. Au izamishe moja hadi ziachane kwa mwanga. Au weka mstari wa rangi nyepesi kati yake. Hii ya tatu unaiona kwenye bendera: ya Kenya ina mistari myembamba meupe inayotenga nyekundu na nyeusi upande mmoja, na kijani upande mwingine. Ya Tanzania ina mistari ya njano inayotenga utepe mweusi na kijani na bluu. Chora bendera hiyo bila mistari hiyo uone rangi nzito zinavyoungana ukiwa mbali.

Kwenye bango letu, jani la kijani lililogusa damu ya mzee lipewe ukingo wa maziwa wa milimita 1.

## Hatua ya 9: Geuza rangi ziwe za wino

Kwanza muulize mchapaji: anataka faili ya RGB (rangi za taa za skrini) au ya CMYK (rangi za wino)? Mashine nyingi za kidijitali hupokea RGB na kugeuza zenyewe, na ukigeuza wewe tena unaweza kuiharibu rangi. Kwa ofseti, yaani uchapaji wa sahani za chuma, moja kwa kila wino, kwa kawaida utapeleka CMYK: sayani (C), majenta au waridi kali (M), njano (Y) na nyeusi (K).

Vianzio vya rangi zetu ni hivi, ukivirekebisha baada ya jaribio:

- Damu ya mzee: C30 M100 Y75 K45
- Embe: C0 M30 Y95 K0
- Kijani: C85 M25 Y85 K10
- Maziwa: C0 M4 Y12 K0

Ile bluu inayotoka zambarau hutokea hapa. Bluu kali ya skrini haina wino wake. Programu huiunda kwa sayani nyingi na majenta nyingi, na mchanganyiko huo ni zambarau. Ukiihitaji bluu, acha pengo la angalau 30 kati ya sayani na majenta, kwa mfano C100 M65.

Maandishi madogo meusi yawe K100 peke yake. Yakiundwa kwa wino nne, sahani ikihama hata kwa sehemu ndogo ya milimita, kila herufi inapata kivuli cha rangi. Eneo kubwa jeusi ni kinyume chake: K100 pekee hutoka kama kijivu cha mkaa, hivyo weka C60 M40 Y40 K100. Jumla yake ni 240. Kwa karatasi ya kung'aa wachapaji wengi huruhusu hadi 300. Karatasi isiyong'aa hubeba wino mdogo kuliko huo, nayo ikizidishiwa wino huloa na kuchafua karatasi ya juu yake. Muulize kikomo chake.

Usuli uvuke ukingo kwa milimita 3 kila upande, la sivyo kisu kikikosea kidogo utaona mstari mweupe.

## Hatua ya 10: Chapa jaribio na ulihukumu nje

Chapa kwenye karatasi ileile itakayotumika, kwa mashine ileile, A4 ya bango zima na A4 nyingine ya kipande chenye bei kwa ukubwa halisi. Printa ya chuoni haikuambii lolote kuhusu mashine ya mchapaji.

Toka nayo nje mchana, ibandike ukutani, rudi hatua kumi. Soma bei. Kisha iangalie jioni chini ya taa. Taa ya umanjano huila njano, na embe lako linaweza kusogelea maziwa. Maandishi yakiwa ya damu ya mzee, hayatadhurika.

Kama bango litakaa juani kwa miezi, kumbuka jinsi mabango ya zamani yanavyobaki ya bluu bluu: majenta na njano mara nyingi hupauka kabla ya sayani na nyeusi. K45 tuliyoiweka kwenye damu ya mzee ndiyo itakayobaki ikishikilia maandishi, hivyo usikubali mtu aipunguze ili "rangi ing'ae".

Jaribio likitoka zito kuliko skrini, usikimbilie kubadilisha kila kitu. Karatasi haina taa nyuma yake, na kuzama kidogo ni kawaida. Ongeza weupe wa picha ya glasi, chapa tena. Badilisha kitu kimoja kwa kila jaribio, na uandike namba zake nyuma ya karatasi kwa penseli pamoja na aina ya karatasi na jina la mashine.